Maji ya Kiunoni

Kila asubuhi Wilhelmina alikosea vikombe. Akishamaliza kukoroga uji wa mtama, alikwenda kwenye kichanja cha vyombo akachukua kikombe cha bluu cha Winnie na kikombe chekundu cha Maige. Akifika mekoni ndipo alipokumbuka. Alisimama kidogo, vikombe mkononi, mtoto mchanga mgongoni. Halafu alirudi kukiweka kile chekundu mahali pake.

Maige hakuwapo tena. Alikufa maji mwanzoni mwa kiangazi, kabla hajamaliza darasa la kwanza.

Nyumba yao ilikuwa Pasiansi, chini ya mawe makubwa, si mbali na ziwa. Masalu, mumewe Wilhelmina, alivua sangara katika mtumbwi wa tajiri mmoja wa mjini. Aliondoka jioni, akarudi asubuhi. Zamani akirudi aliwaita watoto tangu akiwa mbali, nao walimkimbilia wakigombania kumbebea kapu. Siku hizi alipita mlangoni kimya. Alinawa, alikula, alilala.

Na Winnie, binti yao wa darasa la tatu, alipomsikia baba anakuja, alichukua ufagio akaenda nyuma ya nyumba. Alifagia mahali alipokwisha kufagia.

"Winnie, uji wako unapoa," mama yake alimwita asubuhi moja.

Ufagio uliendelea.

"Winnie!"

Mtoto alikuja, akachukua kikombe cha bluu, akaenda kunywa nyuma ya nyumba. Tangu mazishi alikuwa haongei. Akiulizwa alitikisa kichwa au alitazama chini. Mwalimu wake wa shule alikwisha kuchoka naye. Watoto wenzake walikuwa wamempa jina. Walimwita Kiunoni.

Jina hilo lilitokana na neno alilosema mwenyewe siku ile.

Ulikuwa mwaka uliofuata mvua kubwa za El Nino. Ziwani magugu maji yalikuwa yamejaa. Yalielea yakaja ufukweni yakajibana, kijani tupu, mpaka mtu huwezi kujua maji yanaanzia wapi. Pale kina mama walipozoea kuchota maji na kufua palizibwa kabisa. Ukichota, unapata matope na wadudu.

Basi kina mama walihamia shimoni. Hili lilikuwa shimo la kokoto. Lilichimbwa nyuma, miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na kila mwenye fedha alikuwa anajenga, na kokoto zilitakiwa kila mahali. Mtu mmoja alikuja na wapasuaji wake, wakaula mwamba karibu na mtaa. Walipoona jiwe zuri limekwisha, walihama. Shimo likabaki wazi. Mvua zikalijaza. Matope yalipotulia chini, maji yakawa meupe, safi, yanang'aa. Ungeweza kuhesabu mawe ya chini.

Wilhelmina aliyapenda maji yale. Yeye alizaliwa Ukerewe, kwenye ufuko wa mchanga unaoteremka polepole. Mama yake alimlea kwa amri moja, naye akawapa watoto wake amri hiyohiyo:

"Mkiona mawe ya chini, ingieni. Msipoyaona, rudini."

Siku ile Victor, yule mchanga, alikuwa na homa. Wilhelmina hakuweza kutoka. Aliwatuma Winnie na Maige maji. Waliondoka wakigombania ndoo ndogo. Kila mmoja alitaka aibebe yeye. Wilhelmina aliwasikia wakibishana mpaka walipokata kona.

Baadaye alisikia ukelele. Ulikuwa wa Winnie.

Watu walipofika shimoni, Maige alikuwa amekwisha kuzama. Walimtoa. Walijaribu kumkamua maji. Haikusaidia. Winnie alikuwa amekaa kwenye ukingo, ndoo ndogo mapajani, anarudia maneno yaleyale:

"Aliniuliza aingie. Nikamwambia aingie. Maji ni ya kiunoni. Maji ni ya kiunoni."

Mzee mmoja alisimama juu ya jiwe kubwa, akatazama chini.

"Kiunoni? Hili shimo? Mtoto huyu mwongo. Hata mimi na macho yangu haya naona ni refu."

Masalu aliporudi kutoka ziwani, alikwenda mwenyewe na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Alisimama juu ya jiwe lilelile akauteremsha. Maji yalikuwa ya kumfika yeye kifuani. Kwa Maige yalipita kichwa.

Tangu hapo mtaa mzima ulikuwa na lake la kusema. Waligombania ndoo, walisema. Alimwonea wivu mdogo wake, walisema. Alimdanganya makusudi. Masalu hakusema hivyo. Lakini alikoma kumtazama Winnie usoni. Na jioni moja kabla ya kwenda ziwani alimwambia mkewe:

"Mama Winnie, mimi siwezi. Nikimwona, nasikia lile neno. Kiunoni. Siwezi kula sahani moja naye."

Wilhelmina alimnyonyesha Victor, machozi yakamdondokea mtoto kichwani.

*

Dada yake Masalu aliitwa Mhoja. Alifika kutoka Magu na jogoo kwapani, sauti ikitangulia.

"Hodi humu! Mbona nyumba imenuna hivi? Hata mbwa hawabweki?"

"Karibu, wifi. Shikamoo," Wilhelmina alisema.

"Marahaba. Lete kiti. Miguu imevimba kama viazi." Aliketi, akamkabidhi jogoo. "Huyu ni wenu. Ana kiburi, mchinjeni upesi. Winnie yuko wapi?"

"Nyuma ya nyumba, anafagia."

"Anafagia? Vizuri. Kwangu kuna uwanja mkubwa." Mhoja alijifuta jasho kwa upande wa khanga. "Masalu alinitumia salamu. Nimekuja kumchukua. Kesho asubuhi tunaondoka."

Wilhelmina alimtazama mumewe. Siku hiyo upepo ulikuwa mbaya, hakwenda ziwani. Alikuwa amekaa kivulini, amewapa mgongo, anashona nyavu.

"Baba Winnie? Kumbe ulimwita wifi?"

Masalu alivuta uzi. "Kule kuna ng'ombe. Atachunga. Atasahau."

"Na shule?"

"Shule gani, mama?" Mhoja alidakia. "Mtoto haongei! Mwalimu atamfundisha bubu? Mwache aje kwangu. Na mimi uongo siupendi, nakuambia mapema. Kwangu atanyooka."

Nyuma ya nyumba ufagio ulisimama. Halafu ukaendelea, taratibu.

Wilhelmina alikwenda ndani akaanza kukunja nguo za Winnie. Zilikuwa chache. Gauni la kanisani. Sketi ya shule iliyofifia. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Moyoni alikuwa na swali moja ambalo alikuwa analifukuza tangu mazishi: Kama mtoto hakudanganya, je?

Lakini maji yalipimwa kwa mti. Watu waliona. Mti haudanganyi.

*

Alasiri Mwalimu Odeta alikuja kuwaona. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Majita, jirani yao wa nyumba ya tatu. Alifundisha darasa la jioni la watu wazima katika shule ya msingi. Wilhelmina alijifunza kusoma kwake. Tangu msiba alikuwa hajatia mguu darasani.

"Nafasi yako iko palepale kwenye dawati," Odeta alisema, akampakata Victor. "Wenzako wanakuulizia."

"Kichwa hakishiki kitu, Mwalimu."

"Najua. Sikuja kukuvuta." Aliona kifurushi cha nguo mlangoni. "Nani anasafiri?"

Mhoja ndiye aliyejibu. Alieleza yote, na ndoo ndogo, na wivu, na kiunoni. Alieleza kwa sauti, na Winnie alikuwa hapohapo, anachambua maharage ya jioni kwenye ungo. Mtoto hakuacha kuchambua.

Odeta alimrudisha Victor kwa mama yake. Alivuta kigoda akakaa karibu na Winnie. Naye akaanza kuchambua maharage.

"Winnie, mwanangu," alisema. "Sikuulizi ulifanya nini siku ile. Nakuuliza uliona nini."

Mtoto aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Uliona nini ndani ya maji?"

"Mawe," Winnie alisema.

Wilhelmina alishika mdomo. Lilikuwa neno la kwanza kulisikia kwa muda mrefu.

"Ulisimama wapi ulipoyaona? Juu kwenye jiwe kubwa?"

"Hapana. Chini. Pale tunapochotea."

"Na mahali alipoingia Maige palikuwa karibu na miguu yako?"

Winnie alitikisa kichwa. Alionyesha kwa kidole, toka alipokaa mpaka mekoni. "Pale."

"Kwa hiyo uliangalia kwa upande. Hukuchungulia kutoka juu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Odeta aliacha maharage. Kisha alisema, "Mama Winnie, niletee bakuli la bati. Na maji kwenye jagi."

"Maji ya nini tena?" Mhoja aliuliza. "Unataka kupiga ramli?"

"Nataka kumwuliza harage, shangazi."

Aliweka bakuli juu ya kigoda, akatia harage moja jekundu chini yake, katikati.

"Winnie, simama hapa. Unaliona harage?"

"Naliona."

"Rudi nyuma polepole. Likipotea, simama."

Winnie alirudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka ukingo wa bakuli ukalificha harage. "Limepotea."

"Usisogee. Usinyanyue kichwa." Odeta alianza kumimina maji ndani ya bakuli, taratibu, pembeni, ili harage lisitikisike. "Likionekana, niambie."

Maji yalipanda. Winnie alitumbua macho.

"Naliona!"

"Umesogea?"

"Sijasogea!"

"Umelisogeza wewe Mwalimu, kwa kumimina," Mhoja alisema. "Mimi nimeona viini macho vingi pale Magu mnadani. Hebu toka." Alimwaga maji, akachukua donge dogo la ugali wa mchana, akaligandisha harage chini ya bakuli, akalikandamiza kwa dole gumba. "Sasa likitembea, limeota miguu. Mimina, nisimame mimi."

Alisimama pale aliposimama Winnie. Kwa kuwa alikuwa mrefu na mnene, ilimbidi ainame, mkono kiunoni, akikoroma.

"Silioni. Silioni. Mimina wewe, mgongo unauma! Silio... Aa!" Alinyanyuka, akaja kuligusa harage kwa kidole. Lilikuwa limeganda vilevile kwenye ugali. "Hili bakuli lina nini?"

"Bakuli halina kitu. Ni mwanga," Odeta alisema. "Sikilizeni. Ili uone kitu, mwanga lazima utoke kwenye kitu hicho uje machoni mwako. Gizani huoni harage kwa sababu hakuna mwanga unaotoka kwake. Sivyo?"

"Sawa," Mhoja alisema.

"Mwanga ukipita hewani, unakwenda umenyooka. Ukipita ndani ya maji, pia umenyooka. Lakini pale unapotoka kwenye maji kuingia hewani, ukitoka kwa upande, unapinda. Unapinda pale pale juu ya maji."

"Upinde kwa nini? Una miguu?"

"Shangazi, umewahi kuona mkokoteni unatoka mchangani kupanda barabara ya lami kwa mshazari?"

"Mara ngapi! Unageuka wenyewe. Unaweza kumwangusha anayesukuma."

"Unageuka kwa nini?"

Mhoja alionyesha kwa mikono yake miwili. "Si gurudumu hili limeshika lami, linakimbia? Na hili bado limo mchangani, linajikokota. Basi mkokoteni unageukia huku."

"Hivyo hivyo. Ndani ya maji mwanga unajikokota. Hewani unakimbia. Ukitoka kwa mshazari, unageuka njia. Hata ukipita kwenye kioo unapinda, hata kwenye mafuta ya taa, kila kitu kwa kiasi chake. Sasa tatizo ni macho. Macho hayajui kwamba mwanga umepinda njiani. Yanadhani umekuja umenyooka. Kwa hiyo yanaliona harage mahali ambapo halipo. Yanaliona juu zaidi."

Wilhelmina alikuwa amesimama na Victor begani.

"Juu zaidi," alirudia. "Na mawe ya shimoni, Mwalimu?"

"Nayo. Chini ya maji kunaonekana kumepanda. Hata ukichungulia kutoka juu kabisa, kina kinaonekana kimepungua kama robo. Ukiangalia kwa upande kinapungua zaidi. Na mtu akiwa mfupi, macho yake yako karibu na maji, anaangalia kwa upande zaidi kuliko mtu mzima." Alimtazama Winnie. "Wale waliosema ni refu walisimama juu ya jiwe. Huyu alisimama chini. Hawakuona maji yale aliyoyaona yeye."

Kivulini uzi wa nyavu ulikuwa umesimama.

Wilhelmina alijua kinachofuata. Alikijua kabla hakijamfika mdomoni. Kama mtoto hakudanganya, basi alitii. Na kama alitii, amri ilikuwa ya nani?

Angeweza kunyamaza. Odeta alikwisha kusema yaliyotosha. Lakini kifurushi kilikuwa pale mlangoni, na gauni la kanisani ndani yake.

"Baba Winnie," aliita. "Baba Winnie, mimi ndiye niliyewaambia. Nikawaambia kama mama alivyoniambia Ukerewe, mkiona mawe, ingieni. Yeye aliyaona. Alifanya nilivyomfundisha. Kama kuna wa kwenda Magu, nifungie mimi nguo."

Masalu hakugeuka. Alikaa na sindano ya nyavu mkononi. Alipoongea, ilikuwa kana kwamba anaongea na nyavu.

"Pondo nililiona limevunjika."

"Nini?" Mhoja aliuliza.

"Siku nilipopima. Nililitia majini, nikaliona limevunjika pale juu ya maji. Nikalitoa. Zima. Nikalitia tena, limevunjika. Nikasema shimo hili lina mambo yake. Sikumwambia mtu."

Odeta alichukua mwiko, akautia kwenye bakuli kwa mshazari. Wote waliona. Mwiko ulionekana umekatika pale ulipogusa maji.

Masalu alikuja akaukodolea macho. Alikuwa mtu mkubwa, mabega ya kuvuta kamba, lakini alisimama mbele ya bakuli lile kama mtoto.

"Dada," alisema. "Unakumbuka lambo la kunyweshea ng'ombe? Tulipokuwa tunachoma kambare kwa mikuki, na mjomba Ngosha?"

"Namkumbuka. Mkali kama pilipili."

"Nikimlenga kambare pale nilipomwona, nilikosa. Mjomba alikuwa ananizaba kofi. Lenga chini yake, anasema. Chini ya samaki! Nikilenga chini, nampata." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Miaka yote nimelijua hilo. Mkono wangu ulijua. Nami nikamwita mwanangu mwongo."

Aliingia ndani. Alitoka na pondo begani.

"Winnie. Twende."

Mtoto alimtazama mama yake. Wilhelmina aliitikia kwa kichwa, ingawa naye hakujua anakubali nini.

*

Walikwenda wote. Jua lilikuwa limeanza kulala. Shimo lilikuwa kimya, maji meupe, mawe ya chini yakionekana moja moja. Tangu msiba watu wengi walikuwa wameliacha, lakini si wote. Kulikuwa na alama mbichi za ndoo kwenye ukingo.

"Ulisimama wapi?" Masalu aliuliza.

Winnie alionyesha. Masalu alisimama pale. Alitazama maji. Halafu, polepole, alipiga magoti kwenye changarawe, akajishusha mpaka kichwa chake kikawa sawa na kichwa cha binti yake, bega kwa bega.

Alitazama kwa muda mrefu. Kutoka pale, chini kwa shimo kulikuwa karibu sana. Mawe yalikuwa kama yamekuja juu kusalimia. Kopo moja kuukuu lilikuwa limelala kati yao, na ungedhani ukiingia utalichukua bila kulowesha shati.

"Ulisema maji yanafika wapi?"

Winnie alitazama maji. Lile neno lilikuwa limemtesa sana. "Kiunoni, baba."

"Ndiyo," Masalu alisema. "Kiunoni. Naona kama ulivyoona."

Kisha aliingiza pondo. Lilikwenda, likakwenda. Lilipogonga mwamba, alilishika kwa vidole pale lilipolowa, akalitoa, akalisimamisha kando ya Winnie. Alama ya maji ilimpita utosini.

Winnie aliitazama alama ile. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeanguka. Baba yake alimvuta kifuani, pondo likaanguka likalia juu ya mawe.

"Nisamehe," alimwambia nyweleni. "Nisamehe, mama. Macho yangu pia yangesema ingia."

Mhoja aligeukia upande wa pili akapenga kamasi kwenye khanga. "Vumbi la mawe haya," alisema. "Linaingia mpaka kooni." Na baadaye wakirudi alimnong'oneza Wilhelmina, "Zikunjue nguo za mtoto, wifi. Zitapata mikunjo bure."

Wilhelmina alibaki nyuma kidogo kwenye ukingo. Kwake hakuna aliyesema nisamehe wala nimekusamehe. Maji yalikuwa mazuri, kama siku zote. Odeta alimsubiri.

"Ukerewe amri ile ilitosha," Odeta alisema. "Kule mchanga unashuka kidogo kidogo. Mtoto anahisi kwa miguu kabla maji hayajamzidi. Hapa ukingo umekatwa wima. Mama yako hakuliona shimo la kokoto."

"Mimi nililiona, Mwalimu."

"Ndiyo. Uliliona." Odeta alimshika mkono wakaondoka.

*

Wiki hiyo Masalu alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alibeba pondo na bakuli la bati. Mkutano uliitwa. Mzee yule aliyesimama juu ya jiwe alikuwapo. Alitazama harage linavyojitokeza, akatazama tena, akavua kofia yake. Siku ya kazi ndiye aliyefika wa kwanza na panga.

Walizungushia shimo miiba na mikonge. Waliacha mlango mmoja tu, mahali penye ngazi ya mawe, na pale walisimika mti mrefu ndani ya maji. Masalu aliupiga msumari kila palipo goti, kiuno, shingo na kichwa cha mtoto. Mtoto haruhusiwi kupita mlango ule bila mtu mzima. Na kwa mtu yeyote, awe shimoni au ziwani, amri ilikuwa mpya:

"Usipime maji kwa macho. Pima kwa mti."

Wilhelmina alirudi darasa la jioni, na Winnie akakaa naye kwenye dawati, anamshikia Victor. Jina la Kiunoni lilikufa shuleni, si siku moja, ila lilikufa. Mwaka uliofuata hapakuwa na mtoto aliyezama pale. Wala mwaka wa pili.

Kikombe chekundu hakikuondoka kichanjani. Asubuhi nyingine Wilhelmina bado alikichukua, akasimama, akakirudisha. Masalu naye alianza tena kuita kutoka mbali akirudi ziwani, lakini aliita jina moja, halafu sauti ilisita mahali palipokuwa na la pili.

Siku moja, miezi michache tu baada ya mkutano ule, Wilhelmina alikuwa anamwogesha Victor kwenye karai. Sasa mtoto alikuwa anakaa mwenyewe. Kijiko kilikuwa kimelala chini ya maji, naye Victor alikitaka. Alinyoosha mkono, akafumba vidole, akashika maji matupu. Alijaribu tena. Maji matupu. Akakunja uso, karibu alie.

Winnie alichuchumaa kando ya karai. Aliushika mkono mdogo wa Victor, ule uliokuwa ukionekana umevunjika pale ulipoingia majini.

"Chini zaidi, Victor," alimwambia taratibu. "Kipo chini zaidi ya unavyokiona. Nenda chini. Bado. Bado kidogo. Nimekushika."